Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: mfumko mnasema umeshuka, mbona polo la mchele Pemba halijashuka

Assalaam alaykum waheshimiwa.

Barua hii naipeleka kwa Waziri wa Biashara, kwa Waziri wa Fedha na Mipango na kwa kila anaekaa kwenye kikao cha kupanga bei elekezi, yani ile bei mnayotutaka tusiizidishe, na kama Benki Kuu nao wanapita humu basi wasome tu hawajakatazwa. Mimi ni muuza duka la rejareja huku Pemba, upande wa Wete, duka la kawaida tu la mchele, sukari, unga, mafuta ya kupikia, sabuni na vocha. Digirii ya uchumi sina, nna daftari la manunuzi, na humo kila polo, yani gunia, limeandikwa nimelinunua shilingi ngapi na lini, kwahiyo nikisema bei nasema kwa maandishi.

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inatoa namba ya mfumko wa bei, redio inasoma, na mwezi ambao namba imeteremka kidogo ndo mwezi ninaotukanwa mimi. Mteja anakuja kifua mbele, wewe mbona bado unauza bei ile ile wakati serikali imesema mfumko umeshuka, unatula wewe. Sasa hebu niwasaidie kazi yenu mana nyinyi hamuielezi. Mfumko kushuka sio bei kushuka, ni bei kupanda pole pole kuliko ilivyokua inapanda. Tuchukulie mfano kitu cha 2,000, mwaka wa kwanza mfumko ni asilimia 7 kinakua 2,140, mwaka wa pili mfumko "umeshuka" hadi asilimia 5, kitu hichi sasa ni 2,247. Hapo kwenye redio ni habari njema kabisa na mtangazaji anaisoma kwa furaha, kwa mama alieko mbele ya meza yangu na noti ya elfu mbili mkononi ni 247 aliyopungukiwa. Mngekua mnalisema hili kila mnapotoa namba mngetupunguzia ugomvi mwingi sana wauza maduka. Na jengine, nataka siku moja niisikie namba ya Pemba inasomwa peke yake, mana ninayoisikia ni "Zanzibar" tu na sisi huku tunajua mkaa wa moto wa Zanzibar unaangukia wapi.

Haya, bei zinapanda kwanini. Kuna sababu ambazo kwa haki ya Mungu nyinyi hamna lawama nazo na sitokua mtu wa kulaumu kila kitu. Visiwa hivi vinakula vya kuja. Mchele wa mapembe unatoka Asia, ngano inatoka huko huko nje, mafuta ya kupikia vile vile, petroli na dizeli ndo usiseme. Mwaka 2022 Urusi ilipoingia Ukraine, nchi mbili ambazo kwa pamoja zilikua zinauza zaidi ya robo ya ngano yote inayosafirishwa duniani, pipa la mafuta mwezi wa tatu likapita dola 120, na huku kwetu boflo, mkate wetu wa ngano, likaanza kupungua. Bei ya boflo haikuguswa, lilipungua boflo lenyewe. Watu wanadhani bei ikibaki pale pale hakuna mfumko, kumbe limekua jepesi unalibonyeza linarudi kama sponji. Alafu July 2023 India wakazuia kuuza nje mchele mweupe usiokua basmati, wakakaa nao mpaka September 2024 ndo wakaachia, na India ndo muuzaji mkubwa wa mchele duniani kwahiyo hata ule wa Pakistan na Vietnam ukapanda mana wanunuzi wote walikimbilia huko. Alafu mwisho wa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu zikawa zinazunguka kusini mwa Afrika kote. Hayo yote sawa, hakuna waziri wa Zanzibar angeyazuia.

Na dola. Mwaka 2022 ilikua kwenye 2,300 hivi, 2024 ikafika hadi 2,700, na kila alieagiza kontena aliilipa tofauti hiyo akaja akatulipisha sisi. Lakini mwisho wa 2024 dola ikaanguka mpaka karibu 2,400, sote tukafurahi, nikampigia tajiri wangu wa jumla nikamwambia haya sasa teremsha, akanijibu mzigo huu nlionao niliuagiza kwa dola ya juu subiri uishe. Nikasubiri. Ulipoisha dola ilikua ishaanza kupanda tena. Sijui kama alinidanganya au alisema kweli, pengine yote mawili, ila ndo namna bei inavyofanya kazi, kupanda inapanda siku ile ile hata mzigo wa zamani, kushuka kila mtu anasubiri mwenzake aanze.

Kwa upande wangu msinione mkorofi, naomba mkae na hesabu hii kidogo mana ndo kitu ambacho maafisa wenu wanaokuja kukagua hawataki kukisikiliza. Polo la kilo 50 limenifikia dukani kwa laki moja. Nikaliuza kwa kilo 2,150, nikalimaliza, nikapata 107,500, na hapo tusihesabu mchele uliomwagika, mifuko, wala nusu kilo za mkopo ambazo bado hazijalipwa. Kwenye karatasi nina faida 7,500. Nikapiga simu kuagiza polo jengine naambiwa limefika 109,000. Yani nimefanya biashara wiki nzima, nimepata faida, na sina pesa ya kununua polo lile lile, nimepungukiwa 1,500. Sasa mara ya pili nitafanya nini? Nikisikia tu harufu ya bei kupanda nitapandisha kabla, hata mzigo nlionao niliununua kwa bei ya zamani, mana nnachokiangalia sio nilinunua ngapi, nnaangalia nitanunua ngapi. Mtaniita mlanguzi lakini nisipofanya hivyo ndani ya miezi duka linakua mbao tupu. Na kila muuza duka akifanya hivyo, bei inapanda kwa sababu tu sote tumeamini itapanda. Wataalamu wa uchumi wanalijua hili wanalo na jina lake, mimi nalijua kwa tumbo.

Kuna na mfumko wetu wenyewe wa kienyeji ambao hautoki kwa Mrusi wala Mhindi, ule wa msimu wa karafuu. Mwaka wenye mavuno mazuri pesa taslimu inaingia Pemba kwa wakati mmoja, kila mtu amepeleka karafuu kituoni amelipwa, na vitu sokoni ni vile vile havijaongezeka. Samaki aliekua mnadani anakwenda kwa elfu kumi anapigwa mpaka kumi na tano, fundi wa kuezeka anabadilisha bei, bodaboda nae kajipandishia, hata kibarua wa kuchuma hapatikani kwa pesa ya mwaka jana. Pesa nyingi inakimbiza vitu vichache. Watu wakiambiwa serikali ichapishe pesa igawe wanashangilia, waje Wete msimu wa karafuu waone inavyokua, alafu wakumbuke Zimbabwe 2008 na 2009 mpaka wakatoa noti ya dola trilioni mia moja na haina cha kununua.

Lakini waheshimiwa, dola sio yenu, pipa la mafuta sio lenu, India sio yenu. Bahari ya baina ya bandari ya Malindi ya Unguja na ya Mkoani huku Pemba ni yenu, na hapo ndo barua yangu ilipo.

Fuateni polo moja. Linashuka kwenye kontena Unguja, linaingia ghala la tajiri mjini, mahamali wanalipakua na kulipanga. Linatolewa ghalani linapakiwa gari, linakwenda bandarini, linashushwa, linapangwa, linapakiwa chomboni. Chombo kinaondoka siku kitakapojaa au siku bahari itakapokubali, ukija upepo wa kusi unaweza ukasubiri mpaka vitunguu vikaota. Mkoani linashushwa, ushuru, hamali, linapandishwa gari, Chake, mpaka Wete, linaingia kwa muuzaji wa jumla wa huku, linatoka kwake linakuja kwangu, na hapo bado wale wa Konde na vijiji vya mbele huko wananunua kwangu mimi wakaongeze yao. Kila mkono ulioligusa umelipwa, na mimi simnyimi hamali haki yake kazi ile inavunja mgongo, ila mchele ni ule ule na punje haijaongezeka hata moja. ZURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta ya magari Zanzibar, ikitangaza bei mpya ya mwezi basi Unguja inagusa daladala, huku kwetu inagusa gari ya kwanza, chombo, gari ya pili na gari ya tatu. Ndo mana nasema mfumko ule ule ukivuka maji unazaa.

Na kichekesho ni hichi. Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga, waya umelazwa chini ya bahari moja kwa moja mpaka huku, mana Tanga ni karibu na sisi mtoto wa skuli anaiona kwenye ramani. Sasa umeme umeona njia, kitunguu, viazi, maharage, sembe na mchele wa bara kwanini vingi bado vinazunguka Dar, viende Unguja, ndo virudi kaskazini kuja Pemba? Majahazi ya Tanga na Wete yapo ya miaka na miaka ila ni vyombo vya mbao, mzigo ukilowa umelowa wako, bima hakuna, siku maalumu hakuna. Tupeni chombo kimoja cha mizigo cha uhakika Tanga–Wete chenye siku yake inayojulikana, hata kwa wiki mara moja, na hapo Wete palipwe ushuru sehemu moja mara moja mtu aondoke, alafu muone bei ya kitunguu itakavyokua. Na kontena la mchele linaloliwa Pemba lishukie Pemba. Hili sio la kusubiri Benki Kuu.

Sasa nyinyi badala ya huko mnakuja kwangu. Kila ikikaribia Ramadhani, tena ndo mwezi ambao kila nyumba inataka tende, sukari, ngano, na sokoni ndizi mkono wa tembo na muhogo unagombaniwa, inatoka karatasi ya bei elekezi na nyuma yake maafisa. Mwaka mmoja walikuja dukani kwangu vijana wawili na daftari lao, wakaangalia bei niliyoandika kwenye kipande cha boksi, wakaniambia umezidisha. Nikawatolea risiti nilizonunulia, bei niliyonunua mimi kwa jumla ilikua shilingi chache tu chini ya hiyo waliyotaka niuzie. Wakasema sisi hayo hayatuhusu, sisi tunaangalia ya kuuzia. Nikaandikiwa faini. Alieniuzia mimi wala hawakwenda kwake, na aliemuuzia yule ndo kabisa hawamjui. Mnampiga wa mwisho kwenye foleni kwa sababu ndo alieko barabarani na mlango wake uko wazi.

Na bei ya kulazimisha inaleta nini? Sukari inahama juu ya meza inakwenda chini ya meza. Wazee wetu wanaozikumbuka zama za foleni za miaka ya sabini na mwanzo wa themanini watawaambia, bei ilikua nzuri kabisa imeandikwa ukutani, kitu ndo hakuna. Sisemi msiwadhibiti wanaoficha mzigo makusudi, hao wapo, na mimi nawajua wengine, ila huyo anaeficha makontena hana duka la mita tatu Wete.

Athari zake jamani sitaki kuzungumza kwa namba za kitaifa, nazungumza nnachokiona. Kina mama wa mtaani kwetu wana mchezo, watu kumi, kila mwezi elfu 50 kila mmoja, anaetokewa anabeba laki tano. Aliepata mwezi wa kwanza alikua na shughuli, akanunua mapolo manne kwa laki moja moja akabakiwa na laki ya kitoweo. Aliepata mwezi wa mwisho nae alikua na shughuli, mapolo manne yale yale yakamtoka 436,000, akabakiwa na 64,000. Wote wametoa sawa sawa, hakuna aliekula pesa ya mwenzake, na mmoja kapungukiwa elfu 36. Sasaivi kura ya nani awe wa mwanzo inaleta maneno mpaka mkusanyaji alitaka kuacha. Huu ndo ubaya wa mfumko, unamtia hasara alieweka na unamfaidisha aliekopa, na mimi nnaekopesha kwa daftari bila ya riba kila deni linalokaa miezi sita linarudi limekonda.

Wazee wa miaka 70 na kuendelea wanapata pensheni jamii, jambo zuri sana na kwa hilo serikali nawapa heko, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadae ikapandishwa hadi 50,000. Lakini ile elfu 20 ilikaa miaka bila ya kusogea wakati mchele unasogea, na hiyo 50,000 nayo ndo hivo hivo, inasimama inasubiri siku atakayokumbuka mkubwa. Mishahara pia. Mwaka 2022 kima cha chini serikalini kilitoka 300,000 kikaenda 347,000, vizuri, ila nyongeza inakuja mara moja kwa kelele na tarumbeta na bei inapanda kila mwezi kimya kimya, tena ikitangazwa tu nyongeza wenye nyumba za kupanga Chake wanatangulia kuifikia kabla ya mfanyakazi mwenyewe. Na karafuu, ambayo ndo mshahara wetu sisi Wapemba na mnunuzi wake ni serikali peke yake kupitia ZSTC, shirika lake la biashara, bei ya daraja la kwanza imekua ikizunguka pale pale kwenye elfu 14 na 15 kwa zaidi ya miaka kumi. Miaka kumi! Mkulima aliekua akiuza kilo moja ya karafuu akapata mchele wa kutosha familia wiki, leo kilo ile ile aliyoichuma juu ya mti ule ule haimfikishi mbali. Hata mmoja hajamkata bei yake, mfumko umemkata. Wanaolima mwani ndo kabisa, bei anapanga mnunuzi na yeye mwani ukishakauka hawezi kurudi nao nyumbani.

Benki Kuu mmefanya yenu, January 2024 mmeanza kutumia riba ya Benki Kuu ikawa asilimia 5.5, April mkaipeleka 6, na 2025 ikaja kanuni ya kukataza bei za ndani kutajwa kwa dola, hiyo ya dola mimi naiunga mkono mikono miwili mana kuna watu wanapangishwa vyumba Unguja kwa dola kama vile wamezaliwa Marekani. Ila riba hiyo inambana anaekopa benki. Tajiri mkubwa pengine ataisikia, huku kwangu benki sijakopa, hamali wa Mkoani hajakopa, nahodha hajakopa. Dawa yenu kwetu inafika imepoa.

Kwahiyo nnachotaka mimi ni hivi, na sijali kipi kianze. Chombo cha mizigo cha uhakika cha Tanga na Wete, na makontena ya Pemba yashukie Pemba. Ghala la akiba huku huku kisiwani lenye mchele wa kweli ndani, likifunguliwa pale bahari inapochafuka au Ramadhani inapoingia, hilo litashusha bei bila ya kumpeleka mtu mahakamani. Pensheni jamii na bei ya karafuu ziangaliwe kila mwaka zikifungwa na namba hiyo hiyo ya mfumko mnayoitoa wenyewe, namba si ni yenu, itumieni. Na bei elekezi ikipangwa ianzie juu, kwa aliefungua kontena, ioneshe kila hatua imeongeza ngapi mpaka kwangu, ibandikwe soko la Darajani Unguja na ibandikwe Wete, kila mtu aone nani kaongeza shilingi mia na nani kaongeza elfu.

Maafisa wa Ramadhani inayokuja wakija Pemba waanzie bandarini Mkoani, wasimame pale chombo kikishusha, waulize nauli ya polo moja, ushuru wa polo moja, hamali wa polo moja, waandike. Alafu ndo waje dukani na hesabu hiyo mkononi, tukae tuijumlishe pamoja, risiti zangu zote zipo.

Wasalaam,
Muuza duka, Wete